Naomba ushauri: kipunguza nguvu cha kujitengenezea, kupimia redio za upepo

fundi_upepo: Habari zenu wakuu. Natengeneza redio za upepo za mkononi za waongoza watalii hapa Arusha, VHF, wati 5. Nimejibana mwaka mzima nikanunua spektramu analaiza ndogo (kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa), ila naogopa kuiunguza. Nimeanza na mzigo bandia, yaani kitu cha kumeza nguvu ya redio badala ya antena: rezista nyeupe ya kauri, omu 47, wati 10. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio) ikapanda vibaya mno, wakati mita ya kawaida inasoma 47 sawasawa. Nimekosea wapi?

mzee_wa_mawimbi: Ivunje hiyo kauri uone, mara nyingi ndani ni waya uliozungushwa. Kwa umeme wa betri ni rezista, kwa megahezi 150 ni koili. Maikrohenri 0.1 tu inakuongezea kizuizi cha omu 94. Tafuta rezista 20 za filamu ya metali, omu 1,000, wati 1, uzifunge sambamba kati ya vipande viwili vya bati. Unapata omu 50, wati 20. Miguu ikate fupi kabisa.

antena_ndefu: Mzee kasema kweli, ila mzigo pekee hauilindi analaiza. Wati 5 ni dBm 37 (dBm ni desibeli juu ya miliwati 1), na analaiza ndogo nyingi zinakomea kwenye dBm 10. Soma maandishi ya kwenye tundu la kuingizia mawimbi. Punguza desibeli 40 kwa hatua mbili. Kila hatua: omu 62 kwenda ardhi, 240 katikati, 62 kwenda ardhi. Wengi wanaunguzia hapa: ile 62 ya mwanzo inakula kama wati 4 kati ya 5! Iunde kwa rezista kumi za omu 620, wati 1, sambamba. Ile 240 inakula wati 0.8 hivi, weka mbili za 120 za wati 1 mfululizo. Zilizobaki, robo wati zinatosha.

fundi_upepo: Asante sana mkuu. Kopo la maziwa ya unga litafaa kuwa boksi?

antena_ndefu: Linafaa, bati lake linashika risasi ya kulehemu vizuri. Tenganisha hatua mbili kwa ukuta wa bati, vinginevyo mawimbi yanaruka bila kupita kwenye rezista. Kebo tumia RG-58, ya omu 50; ya televisheni ni omu 75, achana nayo.

fundi_upepo: Mrejesho wakuu. Mita inasoma omu 50 na ushee, redio isiyo na hitilafu inaonyesha dBm -2. Halafu nikaweka ile ya mteja anayelalamikiwa kuingilia wenzake: kwenye megahezi 300, mara mbili ya masafa yake, kuna mlima mrefu ambao ile isiyo na hitilafu haina. Kesho nafungua filta yake, ile inayozuia mawimbi ya ziada.