Mjadala: Dokumentari ya mapanki ya Mwanza ni filamu nzuri, au ina nguvu tu?

Wandugu, mada imeomba kila mmoja ataje dokumentari anayoipenda na aseme kwa nini. Mchangiaji wa kwanza kataja Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ile ya mwaka 2004 iliyopigwa Mwanza, na kasema hakuna filamu kuhusu nchi yetu inayoifikia. Aliyemfuata kajibu kwamba ni uongo mtupu uliotuchafua duniani. Tangu hapo tunavutana: ukiisifu wewe si mzalendo, ukiikosoa wewe unaficha umaskini. Naomba niingie kati, maana sikubaliani na upande wowote.

Mimi nimekulia Mwanza, na mapanki nimeyala. Kwa asiyejua, mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwanda kikishachukua minofu ya kusafirisha. Mama alikuwa akichagua vichwa vyenye nyama shavuni, anavikaanga, kisha anaviunga na nyanya na kitunguu. Kilikuwa chakula, na kilikuwa kitamu. Kwa hiyo sikuhitaji Mzungu aje kunionyesha mapanki, lakini pia sitakubali mtu wa serikali aniambie kwamba yalikuwa ya kulishia kuku tu.

Filamu yenyewe inasema nini? Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawala furu na samaki wengine wadogo hadi spishi nyingi za furu zikatoweka. Kisha akawa biashara kubwa: minofu inapanda ndege za mizigo kwenda Ulaya, na waliovua wanabaki na mifupa. Tunaona watoto wa mitaani wakigombania sufuria ya wali. Tunaona mapanki yakianikwa juani yana mabuu, na mama mmoja akifanya kazi katika hewa inayochoma macho. Tunamwona mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayesema vita ingekuwa afadhali kwake kwa sababu askari analipwa. Na yupo dada anayewaimbia marubani wa kigeni wimbo wetu wa kuipenda Tanzania. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Sehemu hiyo mimi huwa natoka nje. Nimeiangalia filamu hii mara nne na sijaizoea.

Wanaosema haya yalitungwa, naomba waache. Kulikuwa na madai kwamba Sauper aliwalipa watoto waigize. Kesi ilifika mahakamani Paris, na mwaka 2008 mwongozaji alishinda.

Tatizo langu liko kwenye ndege. Filamu nzima inatuuliza swali moja: hizi ndege za Kirusi zinazobeba samaki, zinapokuja huleta nini? Jibu tunalosukumwa kulipokea ni silaha. Sasa angalia jinsi tunavyosukumwa. Rubani mmoja, kwa uchungu wa kweli, anakiri kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola na akarudi Ulaya na zabibu kutoka Afrika Kusini. Ni ungamo zito, lakini ni la Angola. Kuhusu Mwanza yenyewe tunapata maneno ya watu, ndege inayotua usiku, mabaki ya ndege kando ya uwanja, na ukimya uliopangwa kwa ustadi. Silaha hatuioni. Huenda zilipita. Lakini mkono unaopanga picha umetumia huzuni ya yule mama wa mabuu ili mimi nikubali jambo ambalo yule mama hakulisema na hakuulizwa.

Hapo ndipo ninapotofautisha nguvu na uzuri. Filamu ile ina nguvu ajabu. Iliingia kwenye orodha ya mwisho ya Oscar mwaka 2006, ikashindwa na ile ya pengwini. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mwandishi wa habari aliyehojiwa ndani yake alipata msukosuko, jambo ambalo lilikuwa kosa kubwa. Mtu hasumbuliwi kwa kujibu swali. Na jiulizeni: wangapi kati ya walioandamana walikuwa wameiona? Ilizungumzwa na marais na maprofesa wa Ufaransa kabla mchuuzi wa mapanki hajapata nafasi ya kukaa kwenye kiti na kusema, hapa umenionyesha sawa, hapa umenionea.

Kipimo changu ni hicho. Dokumentari ni nzuri pale ambapo aliyepigwa picha anaweza kubishana na aliyempiga, na ubishi ule ukabaki ndani ya filamu.

Wanaodhani ninakasirika kwa sababu tumeonyeshwa uchafu, nawakumbusha Serengeti Shall Not Die ya mwaka 1959. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyochorwa mistari ya pundamilia, wakihesabu nyumbu. Michael alikufa Januari mwaka huo, ndege ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ikapata Oscar. Ni nzuri kwa macho, na mapenzi yao kwa wanyama siyatilii shaka. Lakini Grzimek aliamini hifadhi isikae mtu, hata mwenyeji, na ilikuwa ni miaka hiyohiyo Wamasai walipohamishwa kutoka Serengeti. Mmasai yumo ndani ya filamu ile, lakini hajibu. Sijasikia mtu akiandamana kwa ajili hiyo, kwa sababu picha zilitupendeza. Kwangu mimi kosa ni lilelile la ndege za sangara, limevaa nguo safi tu.

Sasa nitaje ninazozipenda, nisije nikaonekana wa kulaumu tu.

Ya kwanza ni The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, kutoka pwani ya Kenya, ya mwaka 2019. Kijana yuko Mombasa, anasikia kwamba bibi yake kijijini ameandikiwa barua ya kumtuhumu uchawi, na anarudi kujua nani kaandika. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mngetegemea kamera imkimbilie mwuaji. Haifanyi hivyo. Inakaa na bibi: analima, anaimba, anapokea wajukuu. Hata wale wa ukoo wanaomshuku wanapewa nafasi waseme, kwa Kiswahili na Kigiriama, bila mtu kuwafanya mazimwi. Nilipomaliza nilikuwa nawajua kama majirani, na niliogopa zaidi kwa sababu hiyo. Kenya iliipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Hata isingepelekwa ningeitaja.

Ya pili ni ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani nchini Kongo: Downstream to Kinshasa, ya mwaka 2020. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wa Mnyarwanda wala wa Mganda. Watu waliopoteza miguu na mikono wanapanda boti kushuka mto Kongo, safari ya karibu kilomita 1,700, kwenda Kinshasa kudai fidia. Mvua inawanyeshea chini ya turubai, wanagombana wao kwa wao kuhusu nani azungumze kwa niaba ya nani, na Hamadi haufichi ugomvi huo. Tena kati ya safari anaweka vipande vya tamthilia ambayo wahanga wenyewe wanaicheza jukwaani, wakisimulia yaliyowapata kwa namna waliyoichagua wao. Hawaombi huruma yetu. Wanadai deni. Miaka miwili baadaye, Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita ile kwa jumla, na niliposoma habari ile niliona sura za watu wa kwenye boti, si tarakimu.

Mchangiaji mmoja atanijibu kwamba Hamadi ni mtu wa kwao na Sauper alikuwa mgeni, basi nimeshajipendelea. Hapana. King ni Mwaustralia, na kamera yake imekaa vizuri kwenye ile familia ya Kigiriama. Tofauti ni muda na ni masikio. Mwenyeji naye anaweza kumpiga picha mama yake kama kitu. Tunaona kila wiki mtandaoni watu wakirekodi ajali badala ya kumnyanyua majeruhi.

Nabaki na jambo moja ambalo sijapata jibu lake, na ndilo ninalowaulizeni. Kama Sauper angekaa Mwanza miaka mingi akisikiliza badala ya kutafuta silaha, angetoa filamu ya haki zaidi, lakini je, Ulaya ingeitazama? Walionunua minofu ile walishtuka kwa sababu ya zile ndege, si kwa sababu ya mabuu. Waliokuwa Kirumba, Igoma na Ilemela miaka ile, nawasubiri ninyi hasa: mliiona lini, mliionea wapi, na nani aliwatafsiria yale marubani waliyokuwa wakisema kwa Kirusi?