Kuhamia Perth na watoto wawili: nitangulie peke yangu au tuondoke sote pamoja?

Mama wa Kahawa West ameuliza:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimehudumu katika wodi za upasuaji hapa Nairobi. Mume wangu anafundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya upili ya umma. Baada ya mitihani mingi, ukiwemo NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, na ule wa vitendo nilioufanyia Adelaide, nilipata usajili wa Ahpra, shirika linalosajili wahudumu wa afya wa Australia, na mwezi uliopita familia yetu ilipewa viza ya 190, ya ukazi wa kudumu, kwa uteuzi wa jimbo la Western Australia. Hospitali moja ya umma kusini mwa Perth imeniajiri na iko tayari kunipokea mwezi wa Oktoba. Barua ya viza inasema kwamba sote wanne tuwe tumeingia Australia kwa mara ya kwanza kabla ya mwisho wa Machi mwakani.

Kifungua mimba wetu yuko Gredi ya 4, na mdogo wake atatimiza miaka minne mwezi wa Aprili. Mama mkwe, anayeishi Murang'a, amejitolea kukaa na watoto kwa mwaka mzima ili mimi na baba yao twende kutafuta nyumba na kutulia kwanza. Ndugu zangu wanaona hilo ni jambo la busara, kwa kuwa wengi wa kizazi chetu tulilelewa na nyanya zetu wazazi wakiwa mjini. Mume wangu anataka tuondoke wote siku moja. Mimi nimebaki katikati, kwa maana naiona hoja ya kila upande, na akiba yetu, ambayo karibu yote iko katika sacco, si kubwa kiasi cha kuvumilia uamuzi mbaya.

Nawaomba wale waliohamia huko na familia zao wanieleze jinsi miezi ya kwanza inavyokwenda hasa, upande wa nyumba, shule na kazi ya mwenzi anayefuata, ili tuamue tukiwa na picha kamili.

Muuguzi wa Rockingham amejibu:

Dada, hongera kwa kazi kubwa uliyokwisha kuifanya. Mimi pia ni muuguzi kutoka Nairobi na ninaishi kusini mwa Perth pamoja na familia yangu.

Nianze na pendekezo la mama mkwe, ambalo limetoka katika moyo mwema lakini haliwezekani kama lilivyo. Tarehe ya kuingia mara ya kwanza inamhusu kila jina lililo katika viza, hata la mtoto mchanga. Watoto wakibaki Murang'a hadi Oktoba ya mwaka unaofuata, watakuwa wameipita tarehe hiyo, na viza zao zinaweza kufutwa. Ili kuzilinda mngelazimika kuwaleta kabla ya Machi kisha kuwarudisha, na hakuna ndege inayoruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Perth; abiria hupitia Doha, Dubai au Johannesburg. Nauli hiyo ya kwenda na kurudi ni heri iwe kodi ya nyumba.

Kinachobaki ni kuchagua kati ya kuondoka wote Oktoba au wewe kutangulia kwa miezi michache, na mimi nakushauri utangulie. Sababu yangu ni nyumba. Perth imekuwa na uhaba wa nyumba za kupangisha kwa miaka kadhaa, na hapa hupangi kwa kuzungumza na mlinzi wa geti na kulipa siku hiyo hiyo. Wakala hutangaza siku na saa ya kuitazama nyumba, mnafika watu wengi, kila mmoja hutuma maombi, na mwenye nyumba huchagua. Wanataka kuona kipato chako, majina ya watu wanaoweza kukudhamini kwa maneno, na rekodi yako ya kupanga, ambayo mgeni hana. Barua ya ajira pamoja na hati za mishahara miwili au mitatu, ambayo hapa hulipwa kila baada ya wiki mbili, hulijaza pengo hilo kwa kiasi kikubwa. Ukitangulia ukakaa katika chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, utaomba nyumba ya familia ukiwa na hati hizo mkononi. Mkija wanne bila hati hata moja, mtasubiri katika malazi ya muda yatakayoila akiba yenu kila usiku.

Kodi hapa huhesabiwa kwa wiki. Nyumba ya vyumba vitatu mara nyingi hupita dola 600 za Australia kwa wiki, na siku ya kutia sahihi utatakiwa kuwa na amana ya kodi ya wiki 4, inayohifadhiwa na ofisi ya serikali wala si na mwenye nyumba, pamoja na kodi ya hadi wiki 2 za mwanzo. Hizo ni kama dola 3,600, yaani karibu shilingi 300,000 za Kenya, kabla hujanunua kitanda wala friji.

Usichague mtaa kwa bei tu. Shule za umma huwapokea kwanza watoto wanaoishi katika eneo lao, kwa hiyo anwani ya nyumba ndiyo inayoamua shule. Kama hospitali yako iko karibu na Murdoch, tazama mitaa iliyo kando ya reli ya Mandurah, au ile inayohudumiwa na reli ya Thornlie–Cockburn iliyofunguliwa Juni 2025. Hata hivyo treni hazitembei usiku kucha, na muuguzi wa zamu za usiku hawezi kuzitegemea kwa kila zamu, basi gari litakuwa la lazima mapema. Tunaendesha upande wa kushoto kama nyumbani, lakini leseni ya Kenya haibadilishwi moja kwa moja: mkazi wa kudumu ana miezi mitatu tu ya kuitumia, na ndani ya muda huo afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Anza kusoma kanuni za jimbo hilo ukiwa bado Kahawa West.

Katibu wa Sacco, Donholm amejibu:

Mama, naomba niongeze jambo la hapa nyumbani, kwa kuwa nimeona familia kadhaa zikikwama kwalo dakika za mwisho. Akiba ya sacco haitoki kwa kuandika barua leo na kulipwa kesho. Kwa kawaida kuna notisi ya siku 60, na kama wewe au mume wako mmewadhamini wenzenu katika mikopo, sehemu hiyo ya akiba inabaki imeshikiliwa hadi mkopaji apate mdhamini mwingine au amalize kulipa. Nendeni wiki hii mkaulize mmemdhamini nani na kwa kiasi gani, kisha mzungumze na wahusika kwa heshima, kwa sababu nao wanahitaji muda wa kumtafuta mtu wa kujaza nafasi yenu. Kama mmoja wenu ana deni la HELB (mkopo wa serikali wa masomo ya juu), pangeni mapema jinsi litakavyoendelea kulipwa mkiwa ng'ambo.

Kuhusu kazi ya mume wako, asikimbilie kujiuzulu. Aulize kwanza kama anaweza kupewa likizo bila malipo, na achukue barua ya TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu) inayothibitisha usajili wake na nidhamu yake akiwa angali Nairobi. Kuifuatilia barua hiyo kutoka bara jingine ni kazi ngumu.

Mwalimu wa Gosnells amejibu:

Nimesoma maelezo ya Muuguzi na mengi nayakubali, ila ningependa kusema kwa niaba ya yule anayefuata, kwa sababu mimi ndiye niliyefuata. Mke wangu alitangulia, nami nikabaki Nairobi na watoto, na najua utengano huo ulivyotugharimu. Tofauti ya saa ni 5 tu, lakini zinaangukia mahali pabaya. Watoto wanapotoka shule saa kumi alasiri, Perth ni saa tatu usiku, na mama mwenye zamu ya saa moja asubuhi anahitaji kuwa amelala. Anapofika nyumbani saa kumi alasiri ya huko, Nairobi ni saa tano asubuhi na watoto wako darasani. Wikendi nazo anafanya kazi, kwa kuwa ndiyo yenye malipo ya nyongeza na familia inahitaji kila senti. Kwa hiyo, dada, kama utatangulia, tarehe ya wengine kusafiri iwekwe na tiketi zinunuliwe kabla hujaondoka. Nimewaona watu waliosema "tutaona mambo yakikaa sawa", na mambo hayakukaa sawa kwa muda mrefu.

Jambo la pili ni kazi ya mume wako. Viza inampa haki ya kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza, lakini haimpi ruhusa ya kusimama mbele ya darasa. Lazima asajiliwe na bodi ya usajili wa walimu ya Western Australia, ambayo ina masharti yake yenyewe kuhusu vyeti vya chuo na Kiingereza, na zaidi ya hapo apate kibali cha kufanya kazi na watoto. Ukweli kwamba alisoma na kufundisha kwa Kiingereza maisha yake yote usimfanye aamini kwamba hataulizwa mtihani. Aanze sasa: nakala za matokeo kutoka chuo kikuu, cheti cha tabia njema cha polisi kinachoombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na barua ile aliyoitaja Katibu. Mwalimu wa Hisabati na Fizikia anatafutwa sana huku, hasa katika miji ya mbali na Perth, lakini kutafutwa hakufupishi utaratibu.

Katika miezi ya kusubiri atalazimika kufanya kazi nyingine, iwe ghalani au katika nyumba za kuwatunza wazee. Mzungumze kuhusu hilo waziwazi mkiwa bado Kahawa West. Mwanamume aliyeitwa "mwalimu" na mtaa mzima kwa miaka mingi huumia anapoanza upya mahali ambapo hakuna anayemjua, na huumia zaidi mke anapokuwa ndiye mwenye mshahara pekee. Wanandoa waliokwisha kulitaja jambo hili kwa jina lake hulivuka, na waliolinyamazia nimewaona wakitengana. Msiweke pia tumaini katika posho ya wasio na kazi, kwa maana mkazi mpya mwenye viza kama yenu husubiri miaka 4 kabla ya kustahiki nyingi za posho hizo. Matibabu ya Medicare (bima ya afya ya serikali) na shule ya umma mtavipata tangu mnapoingia, na hivyo peke yake ni nafuu kubwa kwa mzazi aliyezoea karo na bili za hospitali za Nairobi.

Kwa upande wa watu, hamtakuwa wapweke. Kuna Wakenya wengi hapa, makanisa na misikiti, vyama vya kuchangiana kama tulivyozoea, na sukuma wiki humea vizuri nyuma ya nyumba. Msifungashe asali, kwani jimbo hili limeikataza kabisa, na chakula chochote, mbegu au kinyago cha mbao mtakachobeba mkitangaze kwa maofisa uwanjani, kwa sababu faini ya kuficha ni kali.

Mama wa Kahawa West amejibu:

Nawashukuru sana. Tumeyasoma majibu yenu pamoja na mume wangu, na usiku wa jana tulizungumza kuhusu mambo ambayo tulikuwa tukiyazunguka. Nitatangulia Oktoba. Yeye na watoto watafuata wiki ya kwanza ya Januari, baada ya mwaka wa shule wa Kenya kwisha na kabla ule wa huko haujaanza, na tiketi zao tunazinunua mwezi huu. Jumatatu ataanza kushughulikia barua ya TSC, na tayari amewapigia simu wenzake wawili aliowadhamini.

Limebaki swali la mtoto mdogo. Mimi nitakuwa zamu, na baba yake huenda akapata kazi ya mchana. Nani atakaa naye? Na je, mama mkwe anaweza kuja, maana amehuzunika kusikia kwamba wajukuu hawatabaki?

Muuguzi wa Rockingham amejibu:

Januari ni uamuzi mzuri, kwa kuwa masomo huanza mwanzoni mwa Februari. Mtoto anayetimiza miaka minne kufikia tarehe 30 Juni anaweza kuanza chekechea katika shule ya umma mwaka huo huo, ila ni saa 15 tu kwa wiki, kwa hiyo hazitatosha kwa wazazi wawili wanaofanya kazi. Saa zilizobaki mtategemea kituo cha kulelea watoto. Ni ghali, lakini kuna ruzuku ya serikali inayotegemea hasa kipato cha wazazi, na mkazi wa kudumu haisubiri ile miaka 4. Mkifika tu iombeni, na mwandikishe jina la mtoto katika vituo zaidi ya kimoja, maana nafasi huchelewa kupatikana.

Mume wako asisahau kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto cha kliniki, kwa watoto wote wawili. Katika jimbo hili mtoto hapokelewi chekechea kama chanjo zake hazijakamilika kwa mujibu wa ratiba yao, na daktari wa hapa ndiye atakayeziingiza za Kenya katika rejista ya taifa na kuongeza zinazokosekana. Baadhi huhitaji wiki kadhaa kati ya dozi moja na nyingine, hivyo wampeleke kwa daktari wiki ile ile wanayotua. Mnunulieni pia kofia pana, kwa sababu Februari jua ni kali na shule nyingi hazimruhusu mtoto kucheza nje bila kofia.

Mama mkwe anaweza kuomba viza ya kutembelea, ya 600, na mkiwa wenyeji wake mmwandikie barua ya mwaliko na kuonyesha kipato chenu. Wengine hupewa miezi mitatu, wengine zaidi. Hataruhusiwa kufanya kazi ya kulipwa, wala hatakuwa na Medicare, kwa hiyo mkatieni bima ya afya ya msafiri kabla hajaondoka Murang'a. Viza ya kuhamia kabisa kama mzazi ni habari nyingine: foleni yake ni ya miaka mingi sana, na sharti la kawaida ni kwamba angalau nusu ya watoto wake wawe wanaishi Australia. Kama ana watoto watano na wanne wako Kenya, msimpe matumaini ya njia hiyo. Mwambieni aanze na pasipoti, na aombe kuja Aprili, joto likiwa limepungua na mjukuu wake akitimiza miaka minne.