Napeleka sampuli maabara Mwanza kutoka Ukerewe, nijipangeje?

Mwana_Nansio
Wakuu habari za jioni. Niko Ukerewe nakusanya data za masters, nakata vipande vya mapezi na nyama ya furu na sato kwa ajili ya DNA, afu nachuja maji ya ziwa kwa karatasi maalum kupima klorofili (rangi ya kijani ya mimea midogo ya majini). Nimepewa wiki moja kwenye maabara moja pale Mwanza, baadae sehemu ya zile za DNA zinaenda Ujerumani kwa msimamizi wangu wa pili. Kinachoniumiza kichwa ni safari, meli ni masaa, ukishuka bandarini bado kuna foleni ya mjini, na karatasi za klorofili lazima zifike zimeganda. Halafu nikifika namkabidhi nani, na zitakazobaki naziacha wapi? Aliyewahi kupitia hii njia anisaidie tafadhali.

Fundi_Maabara
Mdogo wangu, anza na simu kabla hujawaza barafu. Mtafute anayesimamia maabara, sio mkuu wa idara, yule mwenye funguo za friza, mwambie una tyubu ngapi, zimewekwa kwenye nini, na boksi lako lina ukubwa gani. Tunapata wageni wanakuja na deli zima afu friza imejaa, tunaanza kuhamisha vitu vya watu saa kumi jioni, hapo ndo sampuli zinapochanganyika. Uliza pia friza yao ni ya aina gani, hizi za majumbani zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai kwa klorofili coz joto linapanda na kushuka kila mara. Na jenereta, umeme ukikatika usiku nani anaiwasha?

Lebo andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi uingize NDANI ya tyubu. Maka peni, ethanoli (pombe ya kuhifadhia sampuli) ikimwagika inafuta yote. Namba ya juu ya kifuniko usiitegemee peke yake, vifuniko vinabadilishana mkiwa mnafungua nyingi kwa pamoja.

Bint_Kirumba
Kwa barafu pita soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, mpendwa, au hapo hapo Nansio kwa wanaonunua sangara. Barafu inayoyeyuka peke yake haishuki chini ya sifuri, changanya na chumvi ya mawe, barafu vipimo vitatu chumvi kimoja, inashuka mpaka karibu nyuzi -20. Karatasi za klorofili kunja katikati, funga kwa foili zisione mwanga kabisa, tia kwenye mfuko usiopitisha maji afu ndo uzizike humo. Deli lifungwe kwa selotepu na lisifunguliwe njiani hata abiria wakiuliza umebeba samaki gani.

Hizo za DNA wala usihangaike na barafu, ethanoli ya 95% na kuendelea inatosha ila iwe nyingi, nyama kidogo ethanoli mara kumi yake, na kesho yake imwage uweke mpya kwa sababu maji ya kwenye nyama yanaizimua.

Fundi_Maabara
Dada kamaliza. Naongezea tu, usije na zote safari moja. Kata vipande viwili kila samaki, kimoja kibaki Nansio.

Mzee_wa_Ziwa
Kijana, hiyo ya Ujerumani ianze leo, usisubiri umalize maabara. Taasisi yako na ya huko wasaini mkataba wa kuhamisha sampuli, na vibali vya serikali vya kutoa sampuli nchini uwe navyo mkononi, chuo chako wataelekeza pa kuanzia. Ethanoli kwenye ndege ni mzigo hatari, ila kanuni za IATA (shirikisho la mashirika ya ndege duniani) kifungu A180 kinaruhusu sampuli zisizoambukiza zikiwa ethanoli ya kila chombo cha ndani haizidi mililita 30 na ya boksi zima haizidi lita 1, zifungwe kwenye plastiki zaidi ya moja na kitu cha kunyonya kikivuja. Waulize shirika la ndege mapema.

Formalini (dawa ya kuhifadhia miili isioze) usithubutu kuisogeza karibu na hizo za DNA, inaziharibu. Kama unataka samaki mzima wa kupima maumbo, kata pezi kwanza ndipo umtie formalini.

Mwana_Nansio
Shikamoo mzee, ahsanteni sana wote. Zitakazobaki je?

Fundi_Maabara
Boksi lako liandike jina, simu, chuo na tarehe ya mwisho ya kuzichukua, na mkubaliane kwa maandishi kwamba tarehe ikipita zitupwe au zikae. Friza zetu zina maboksi ya watu waliohitimu zamani, hakuna anayejua ndani kuna nini na hakuna anayethubutu kutupa. Ethanoli chafu usimwage sinki, kuna dumu lake, uliza lilipo siku ya kwanza.