Naombeni ushauri: Jumatatu napanda kizimbani kwa mara ya kwanza

Mkazi wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Kutokana na ugomvi wa mpaka wa kiwanja na jirani yangu, nimefunguliwa kesi ya shambulio la kudhuru mwili. Niko nje kwa dhamana ya polisi na nimetakiwa kufika Mahakama ya Wilaya Jumatatu saa mbili asubuhi. Ni kweli nilimsukuma, lakini yeye ndiye aliyenijia na jembe. Sina wakili. Je, nieleze yote hayo siku hiyo hiyo ili nionekane mkweli?

Karani Mstaafu
Pole, ndugu yangu. Siku ya kwanza si siku ya ushahidi. Utasimama kizimbani, utasomewa hati ya mashtaka, kisha hakimu atakuuliza kama ni kweli au si kweli. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu mtu hujibu "ni kweli nilimsukuma, lakini alinianza", akidhani anajitetea. Hakimu makini ataandika kwamba umekana, kwa kuwa jibu la namna hiyo halihesabiwi kuwa ni kukiri kosa. Hata hivyo, usimwachie yeye kazi hiyo. Unaulizwa kama ulitenda kosa kama lilivyoandikwa, na mtu aliyekuwa akijikinga anaweza kukana bila kusema uongo wowote. Ukikiri, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kosa, na ukiyakubali nayo unaweza kutiwa hatiani papo hapo, na baada ya hapo rufaa kwa kawaida itahusu adhabu tu.

Habari ya jembe ianze kusikika jirani yako atakapotoa ushahidi: muulize yeye mwenyewe, maana jambo zito ambalo hukumhoji shahidi, mahakama inaweza kuona umelikubali. Ukikutwa na kesi ya kujibu, ndipo utakapolieleza kwa kirefu katika utetezi wako.

Mama Wawili
Naongeza la dhamana, kaka. Ile ya polisi inakufikisha mahakamani tu. Hakimu huweka masharti yake mwenyewe. Nenda na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na barua hizo zichukuliwe Ijumaa, kwani mtendaji hapatikani Jumapili. Kosa lako linadhaminika, lakini wadhamini wakichelewa utalala mahabusu vilevile. Na ukisikia mtu pale nje akijisifu kwamba anaweza "kuongea na hakimu", mpite. Hao wapo kila mahakama.

Mkazi wa Kihonda
Nawashukuru sana. Jirani ametuma ujumbe kwamba tuyamalize nyumbani. Bado nina haja ya kwenda?

Karani Mstaafu
Nenda. Anayekushtaki ni Jamhuri, na mwenye uwezo wa kuiondoa kesi mahakamani ni mwendesha mashtaka. Jirani yako sasa ni shahidi tu. Usipotokea, hati ya kukukamata inaweza kutolewa na wadhamini wako wakatakiwa kulipa fedha waliyoahidi. Kama kweli anataka suluhu, na aje mwenyewe amweleze mwendesha mashtaka. Wewe usimfuate nyumbani kwake wala usimpe fedha pembeni, kwa sababu ukidaiwa kuingilia shahidi unaweza kufutiwa dhamana. Kabla ya Jumatatu tafuta msaidizi wa kisheria wilayani kwako. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Mpelekee nakala ya hati ya mashtaka ukiipata.