Kent, Keitt, Haden na Tommy Atkins: ipi ya juisi, ipi ya kukausha?

Mpenda Embe
Wadau, naomba mwongozo. Nahitaji aina mbili za embe: moja ya juisi nzito, nyingine ya kukausha. Tommy Atkins ndiyo yenye wekundu wa kuvutia, je, ndiyo tamu kuliko zote? Na Keitt utajuaje imeiva wakati ganda linabaki kijani?

Kokwa Nyembamba
Mkuu, achana na wekundu. Ule ni aina na jua tu: upande uliopigwa jua unapata rangi, uliofunikwa na majani unabaki kijani, na tunda ni lile lile. Wasafirishaji wanaipenda Tommy kwa sababu ganda lake ni nene, halichubuki ovyo, na inastahimili chule (ugonjwa wa ukungu) kuliko mama yake, Haden. Ukiila sasa! Nyuzi zinanasa kwenye meno na utamu ni wa wastani.

Juisi fanya na Kent. Nyama yake ni laini, ina maji mengi na nyuzi ni kama hakuna. Ukilazimika kutumia Tommy, usiiache kwenye blenda muda mrefu, maana nyuzi zinakatika vipande vidogo mno, zinapenya chujio na juisi inakuwa na chengachenga. Saga kidogo kidogo, kisha chuja.

Bwana Shamba
Keitt itazame mabega. Ikiwa changa, mabega yameteremka chini ya kikonyo. Ikikomaa yanajaa na kupanda, kikonyo kinaonekana kimekaa kwenye kishimo. Chuma na kikonyo kirefu, kikate baadaye, kisha inamisha tunda utomvu udondoke bila kugusa ganda, la sivyo utapata madoa meusi.

Kuiva ni jambo jingine: bonyeza taratibu kwa kiganja, si kwa kidole gumba, na unuse karibu na kikonyo. Usiiweke kwenye friji ikiwa bado ngumu. Chini ya nyuzijoto 12 hivi ganda linapata mabaka ya kijivu, na hata ukiitoa haiivi sawasawa.

Kavu Tupu
Ya kukausha ni hiyo hiyo Keitt. Tunda kubwa, kokwa ndogo, nyuzi chache zilizo karibu na kokwa tu. Chagua lililoiva lakini bado limekaza. Likilainika sana vipande vinagandana kwenye trei. Kata milimita 6 hadi 8, unene mmoja, joto nyuzi 55 hadi 60. Wenye haraka wanapandisha hadi 75: juu panakauka na kuwa kama ngozi, maji yanabaki ndani, ukungu unafuata. Kipande kipime kikishapoa, kwa sababu kikiwa cha moto huwa laini na kinadanganya. Kikunjwe kisivunjike, kikaminywe kisitoe maji.

Mpenda Embe
Asanteni. Na ile rojo inayokutwa kuzunguka kokwa ya Tommy, ni wadudu?

Bwana Shamba
Hapana. Nyama imeiva kupita kiasi kuanzia ndani, tunda likiwa bado mtini, huku nje likionekana zima. Dawa za kunyunyizia hazisaidii. Chuma mapema, mara tu linapokomaa.

Ukitaka kupanda, usioteshe kokwa ya Kent wala Keitt. Mche wake hautafanana na mama. Tafuta mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kijiti cha aina unayoitaka.