Makumbusho gani huko magharibi mwa Kenya niwapeleke watoto?

Baba Neema: Wadau habari zenu, likizo ya Agosti nataka kuwatoa watoto huku Donholm, Nairobi, waone vile watu wetu waliishi zamani, kile kituo cha utamaduni cha Bomas tushaenda na makumbusho ya Nairobi pia, sasa nikielekea magharibi nianzie wapi?

MamaTaji: Makumbusho ya Kisumu, bila kufikiria mara mbili. Kuna boma zima la Kiluo, nyumba ya mke wa kwanza, wa pili, wa tatu, ya kijana mkubwa, ghala, zizi, kila kitu mahali pake kimila. Nyoka pia wapo, watoto hawatabanduka hapo.

msafiri_254: Ongeza Kitale na Kapenguria. Kitale ilianza na mkusanyo wa Stoneham, mzungu mmoja aliyependa wadudu, miaka ya 1920. Lakini Kapenguria ndio muhimu zaidi kwangu, hiyo ni jela yenyewe, wapigania uhuru Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba walikamatwa 1952 wakapelekwa huko kushtakiwa, seli bado zipo, na vitu vya Wapokot pia viko hapo. Kila mtoto wa Kenya angefaa aingie zile seli.

Baba Neema: Asanteni sana. Kapenguria tutalala wapi?

msafiri_254: Laleni Kitale kaka, matatu za kwenda huko zipo.