Tupeane uzoefu: unyevu unaoozesha paa, tunautambuaje na tunauzuiaje?

Mpauaji
Wakuu, tupeane uzoefu kwenye hili. Doa likitokea darini, wengi hukimbilia kuziba bati. Bati linazibwa, doa linarudi. Maji yanayoharibu paa yana njia mbili: mvua inayopenya kutoka juu, na mvuke unaopanda kutoka ndani ya nyumba. Tiba zake hazifanani hata kidogo, kwa hiyo kabla ya kununua chochote ijueni kwanza njia.

Doa la kuvuja huwa na kingo za kahawia na hutanuka baada ya mvua. Tundu lenyewe mara nyingi haliko juu ya doa, kwa sababu maji hutambaa kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), hata mita kadhaa, ndipo yadondoke. Anzeni penye doa mfuate alama za maji kwenye mbao kuelekea juu.

Jasho la bati, yaani mvuke uliogeuka maji chini ya bati, huonekana asubuhi, tena baada ya usiku usio na mvua wala mawingu. Pandeni juu ya dari alfajiri na tochi, mmulike upande wa chini wa bati kwa mshazari. Mkikuta vitone vidogo vimeenea bati zima, na kila ncha ya msumari imebeba tone lake, hiyo si mvua. Ncha zikiwa na kutu na mbao inayozizunguka imeweka duara jeusi, jasho hilo limedumu muda mrefu.

Kenchi
Mpauaji kaeleza vizuri. Niongeze kwa nini hutokea. Usiku wa anga wazi bati hupoteza joto kwenda angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa yenye mvuke ikiligusa, mvuke hugeuka maji. Na mvuke haukosekani: watu wanne kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani huweza kutoa lita 10 hivi kwa siku. Hupanda kupitia tundu la taa, mfuniko wa dari na nyufa za pembeni mwa jipsamu. Zibeni hizo nafasi kwanza, ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Kosa baya kabisa ni feni ya bafuni au ya jikoni inayomwaga hewa yake juu ya dari. Bomba lazima lifike nje ya nyumba, liinamie nje kidogo, na livishwe kizuia joto. Bila hivyo mvuke hugeuka maji ndani ya bomba na kurudi kwenye feni.

Kisha paa lenyewe lipumue. Kipimo kinachotumika sana ni mita 1 ya mraba ya uwazi kwa kila mita 150 za mraba za dari. Matundu yakigawanywa vizuri kati ya chini na juu ya paa, mita 1 kwa 300 inatosha. Dari ya mita 90 za mraba, basi, inahitaji mita 0.6, au 0.3 mgawanyo ukiwa sawa.

Mgeni wa ujenzi
Mkuu Kenchi, hayo matundu yakae wapi hasa? Na waya wa mbu hauzuii hewa?

Kenchi
Nusu yakae chini ya ukingo wa paa, nusu karibu na kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Hewa baridi inaingia chini, ya joto inatokea juu. Ukiweka ya juu peke yake, paa litavuta hewa kutoka vyumbani, yaani utakuwa umeuita mvuke wewe mwenyewe.

Waya unazuia, ndiyo. Kipimo nilichotoa ni cha uwazi halisi, baada ya kutoa nafasi inayoliwa na nyuzi. Waya mwembamba hula sehemu kubwa na vumbi humalizia, kwa hiyo tundu liwe pana zaidi na lipigwe brashi mara kwa mara. Kama kuna sufi ya kuzuia joto juu ya dari, isisukumwe hadi ukingoni ikaziba njia ya hewa. Iacheni sentimita 5 chini ya bati.

Seremala
Mimi nizungumzie mbao. Kipima unyevu chenye pini mbili kikisoma chini ya asilimia 20, mbao iko salama. Ikikaa juu ya hapo muda mrefu, hatari imeanza. Kuvu wanaoozesha hushamiri kuanzia kama asilimia 26 hadi 30.

Asiye na kipima atumie bisibisi. Ichomeke kwa mshazari, kina kidogo, kisha ibandue juu. Mbao nzima hung'oka kibanzi kirefu chenye nyuzi, na husikika ikipasuka. Iliyooza hukatika vipande vifupi hapo hapo ulipochomeka, bila mlio wa maana. Rangi isiwadanganye, kwani mbao inaweza kuwa nyeusi juu na nzima ndani, au safi juu na unga ndani. Jaribuni zaidi ncha za kenchi zinapokalia ukuta, bonde ambapo miteremko miwili inakutana, na kuzunguka bomba linalotoboa paa.

Kipande kilichooza kikatwe mpaka ndani ya mbao nzima, na ncha mpya zipakwe dawa ya mbao. Kenchi ikishaoza kwenye kiungo, msikate kitu kabla fundi anayejua uzito wa paa hajaweka mhimili. Na mbao iliyolowa isipakwe rangi, maana unyevu hufungiwa ndani.

Msumari
Tukirudi kwa mvua: matundu mengi ya paa la bati ni yale tuliyotoboa wenyewe. Bati la mawimbi hupigwa msumari au skrubu mgongoni mwa wimbi, kwa sababu bondeni ndimo maji yanamopita. Skrubu ikazwe mpaka mpira wa washa (kile kiduara kilicho chini ya kichwa cha skrubu) ubanwe tu. Ukitokeza pembeni umezidisha, na utapasuka mapema kwa jua. Mipira iliyokauka inabadilishwa pamoja na skrubu yake. Kupaka silikoni juu ya mpira uliopasuka ni kuahirisha kazi.

Mwisho wa bati moja ulalie lingine sentimita 15 kwenye paa lenye mteremko mzuri, na 20 au zaidi kwenye paa la kulala.

Angalieni pia majirani wa bati. Maji yanayotoka kwenye shaba hula zinki na alumini. Saruji mbichi nayo hula bati lenye alumini, kwa hiyo matone ya plasta yaoshwe siku hiyo hiyo. Mabati mapya yakirundikwa yakiwa yamelowa huota unga mweupe hata kabla ya kupanda juu. Yakaushwe, yasimamishwe kwa kuinama, yafunikwe bila kubanwa.

Gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, lipewe mteremko wa milimita 5 kwa kila mita. Likijaa majani, maji hurudi nyuma ya ubao wa ukingo na kulowesha ncha za kenchi alizozitaja Seremala.

Zege
Wenye paa la slabu, yaani paa bapa la zege, kuna jaribio zuri. Bandikeni karatasi ya fuwoli (ya alumini) ya sentimita 45 kwa 45 chini ya slabu, pande zote nne zifungwe kwa tepu, muiache saa 16 au zaidi. Ikilowa upande wa slabu, maji yanatoka ndani ya zege. Ikilowa upande wa chumba, ni mvuke wenu.

Unga mweupe wa chumvi unaonyesha maji yanapita. Ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye rangi ya kutu, ni jambo zito zaidi: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma na hupasua zege. Hapo mwiteni mhandisi.

Baada ya kupaka kizuia maji, wengi huziba mifereji na kujaza maji juu ya slabu kwa saa 24 hadi 48 kuona kama inavuja. Kumbukeni sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Slabu yenye nyufa isijaribiwe hivyo.

Mpauaji
Asanteni sana. Kwa aliyemaliza kurekebisha: msipake rangi dari mara moja. Zungusheni penseli kwenye ukingo wa doa na muandike tarehe pembeni. Mvua kubwa mbili tatu zikipita, na asubuhi kadhaa za baridi, doa likiwa halijavuka mstari, ndipo mkafungue kopo la rangi.